Mheshimiwa Alisinzia Kabla ya Mwisho

Nchi ninayotaka kuisimulia hamuijui, na kama kuna anayeijua, namsihi aseme haijui, kwa faida yake na ya watoto wake. Upande mmoja ina milima, na pande zote zilizobaki ina picha za Mheshimiwa Mlezi wa Taifa. Ni nchi ya amani tele. Mimi ni kinyozi wa huko, naitwa Bakhiti, na serikali yangu naipenda mno. Hata nikilala naipenda. Nimejichunguza usingizini nikathibitisha.

Mambo yenyewe yalianza na filamu. Kijana mmoja wa mtaa wa nyuma, Shekue, mwenye nywele nyingi na kamera ya kuazima, alitengeneza filamu ya kutisha iitwayo Nyuma Yangu Ni Mimi. Ni habari ya mtu anayehisi kuna anayemfuata. Akigeuka, hapana mtu. Anafunga milango, anaziba madirisha kwa mablanketi, anachungulia uvunguni, roho juu juu, mpaka siku moja anagundua kwamba anayemfuata ni yeye mwenyewe. Toka hapo hana raha. Anajivizia jikoni. Anajitegea mlangoni mwa choo. Halafu anajifungia chumbani, anavaa kofia ya mlinzi, na anakaa kwenye kizingiti asije akajitoroka.

Sasa kwetu hakuna filamu inayoonyeshwa kwa raia kabla haijaonyeshwa Ikulu, ili Mheshimiwa acheke kwanza na sisi tujue pa kucheka. Mchana filamu hii ilipopelekwa huko, Mheshimiwa alikuwa ametoka kula biriani, tena alirudia. Mapazia yakafungwa. Mawaziri na wakubwa wote walikuwepo, lakini mkubwa wa kwetu haangalii filamu. Kuiangalia ni utovu wa adabu. Anamwangalia Mheshimiwa. Mheshimiwa akikunja uso, wanakunja, akishtuka, wanashtuka. Na yule mtu wa kwenye filamu alipokaa kizingitini na kofia yake, Mheshimiwa akafumba macho, na ukumbi mzima ukafumba macho kwa mshikamano.

Mapazia yalipofunguliwa Mheshimiwa alizinduka, akafuta mdomo, na kwa kuwa hakupenda mtu adhani alikuwa amelala, akasema neno la kwanza lililomjia. "Hii si filamu," alisema. "Hii ni sera." Makofi yalipigwa mpaka feni zikayumba. Filamu ikafungiwa kwenye sanduku la chuma kama siri ya taifa, Shekue akaapishwa kuisahau, na ikatangazwa rasmi kwamba Mheshimiwa aliitazama mwanzo hadi mwisho kwa macho yote mawili. Mimi niliambiwa ukweli na mhudumu aliyekuwa anakusanya sahani. Mtu ukishamshikia wembe shingoni hakufichi kitu.

*

Wiki haikupita, redio ikatangaza kuundwa kwa Wizara ya Kujiangalia. Mheshimiwa alihutubia mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka yote hii serikali yenu imebeba peke yake mzigo wa kuwashuku. Imewashuku masika na kiangazi, bila kulalamika. Na nyinyi mmekaa tu, mnashukiwa, hamchangii chochote. Huo ni unyonyaji. Kuanzia leo kila mmoja atajishuku mwenyewe, kwa moyo wa kujitolea."

Tuliinamisha vichwa kwa aibu. Kwa kweli tulikuwa tumezidi.

Methali ya nyani haoni kundule ikapigwa marufuku siku hiyo hiyo. Nyani aliamriwa aone. Kila raia akapewa kipande cha kioo cha kutembea nacho mfukoni, na kwa kuwa vioo havikutosha, vya vinyozi vikachukuliwa vikakatwa. Changu cha ukutani, nilichorithi kwa marehemu baba, kiligawiwa mtaa mzima. Toka hapo nikawa nanyoa kwa kukisia. Mteja akijitazama kwenye kipande chake anaona sikio tu, anaridhika na sikio hilo, anaondoka. Ukija kwetu ukakuta watu wana kichwa kimoja chenye mitindo miwili, usicheke. Ni uzalendo.

Mashushushu waliachishwa kazi kwa shukrani nyingi, wakaambiwa wajipeleleze wenyewe kama watu wengine. Maskini, kwao ilikuwa taabu, maana walikuwa hodari wa kukwepa. Yupo mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alijifuata kutoka stendi hadi soko la samaki, akafika kwenye kona ya wauza mitumba akajipotea. Mpaka leo mkewe anaulizia.

Na kila Ijumaa asubuhi tulipanga foleni kwenye Dirisha la Wizara mtaani kwenda kujisemea. Karatasi zilikuwa zimekwisha nchini, kwa hiyo ulinong'ona tu kwenye kitundu, na karani wa ndani akasikiliza kwa sikio. Mimi niliwahi kujisemea kwamba nilikunja uso mbele ya picha ya Mheshimiwa, na baada ya kujihoji vya kutosha nikagundua lilikuwa jino. Karani akapiga mwayo, akanijibu kama alivyomjibu kila mtu, niendelee kujifuatilia. Tulikuwa tunatoka pale wepesi kama tumetoka kuoga. Mambo yalikwenda vizuri, na yangeendelea kwenda vizuri, kama si jirani yangu.

*

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bwana Makame Shomvi, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mnyoofu mpaka anaudhi. Ukimtania anakuomba ushahidi. Ana mke, Bi Mwanahawa, na binti mmoja tu, Ziada, aliyepatikana baada ya miaka ya dua na madaktari. Ziada alikuwa ameposwa na kijana wa mtaa wa juu aitwaye Kheri. Siku ya ndoa ilikuwa imewekwa, na kanga za sare zimeshagawiwa.

Siku moja tulikuwa kibarazani kwangu, mimi na Makame, tunasikiliza hotuba ya Mheshimiwa kuhusu umuhimu wa hotuba. Ziada akapita njiani na mashoga zake, wanacheka mambo yao, akatupungia mkono akaendelea. Makame alikuwa na kioo chake mkononi kama raia mwema. Mara nikamwona anajitazama, anajisogelea, anajitazama tena, na rangi inamtoka.

"Bakhiti," akaniambia, sauti ya mtu aliyekuta nyoka kitandani, "nilikuwa nawaza jambo."

Nikamuuliza jambo gani.

"Hilo ndilo nililojiuliza. Nimekataa kujijibu."

Mimi nilimwambia aachane nalo, mtu huwaza mengi, pengine ni njaa. Wapi! Alijiuliza tena kwa ukali, akanyamaza. Akajibembeleza, akanyamaza. Siku nzima alikuwa anajigeukia ghafla barazani ili ajifume, na kila akijifuma anakuta ameshabadilisha mazungumzo. Ijumaa alikuwa wa kwanza dirishani. Akanong'ona kwamba ndani yake mna mtu anaficha jambo, na kwamba jambo lenyewe lilifichwa katikati ya hotuba. Kwa mara ya kwanza karani hakupiga mwayo. Alinyanyuka akaenda kumwita Mkaguzi Mkuu wa Nafsi, Dakta Ngwali Ndaro, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokifungua mwenyewe kwa kukata utepe.

Dakta Ndaro akauliza mlalamikaji ni nani. Makame akasema ni yeye. Shahidi? Yeye. Mshtakiwa? Yeye pia. Dakta alifurahi, akasema toka aanze kazi hajaona kesi iliyokamilika namna hii. Akaamuru Makame ajikamate, akae ndani mpaka atakapojijibu. Jela ya taifa ilikuwa imeshageuzwa hoteli, hivyo ikaonekana atumie chumba chake cha kulala. Akakabidhiwa kofia ya buluu yenye nembo, kama ile ya kwenye filamu. Akiivaa ni askari, akiivua ni mfungwa. Basi Makame akajishika mkono akajipeleka nyumbani, mtaa mzima ukiangalia, na njiani alikuwa anajisukuma kwa kujichelewesha.

*

Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo nilisikia yote. Akivua kofia aliomba chai kwa upole. Akiivaa alijikaripia kwamba hapa si kwa mama yako. Akiivua akalalamika kwamba sukari ni haki ya mfungwa. Akiivaa akasema malalamiko yamepokelewa. Bi Mwanahawa akawa analala sebuleni juu ya mkeka, maana ni marufuku raia asiye na kosa kulala jela.

Huku nyuma siku ya ndoa inasogea. Sheikh Mselemu akaja kuuliza nani atasimama kama walii. Kwetu, kama kwenu, binti haozwi bila idhini ya baba, baba akiwa hai na akili zake anazo. Ukoo ukamtaja baba mdogo. Sheikh akakataa. Baba mdogo husimama kama baba hayupo, alisema, na huyu yupo, namsikia anakohoa. Ikaombwa basi Makame ampe sheikh uwakala, aseme neno moja tu kupitia mlangoni. Sauti ya kofia ikajibu kutoka ndani kwamba mfungwa hawezi kumpa mtu mamlaka ambayo amenyang'anywa. Sheikh akavaa makubadhi yake akaenda zake, anatikisa kichwa.

Shangazi zake Kheri, wanawake wenye midomo, hawakungoja. Wakaanza kusema mtaani kwamba wao hawakuposa kwa mfungwa, na kama baba hajatoka kufikia siku iliyowekwa, wataangalia nyumba nyingine. Wapo wasichana ambao baba zao hawawazi chochote. Kheri mwenyewe alikuwa anampenda Ziada, lakini nani amewahi kuwashinda shangazi zake? Ziada akaacha kula. Alikuwa anakaa chini, mgongo kwenye mlango wa chumba, anasema, "Baba." Ndani mtu anavaa kofia. Kisha kofia inamjibu kwamba wageni ni Jumamosi.

Bi Mwanahawa si mwanamke wa kukaa na kulia tu. Anajua, kama tunavyojua sote, kwamba askari wa nchi yetu akishiba mchana hulala. Akapika pilau la nyama nono, akampelekea askari. Askari akala, akashukuru kikazi, akalala fofofo. Tatizo, mfungwa naye akalala. Bi Mwanahawa akabaki anamtikisa bega, amka utoroke Baba Ziada, mlinzi kalala! Alipoamka, akaamka askari. Akajishtaki papo hapo kwa kujaribu kutoroka akiwa usingizini, akajinyima mto.

Nilimsikia Bi Mwanahawa anashindwa, anaegemea ukuta upande wa pili, analia kwa kujibana. Mimi naipenda serikali yangu, nimeshasema, lakini siku hiyo niliipenda kwa shida.

*

Bi Mwanahawa akaenda Wizarani kuuliza mumewe atatoka lini. Akatupwa ofisi hii na ile, na kila ofisi ikamwambia jambo lile lile: sera ni filamu, kwa hiyo mumeo atatoka kama alivyotoka yule wa kwenye filamu. Alipouliza yule alitokaje, wakatazama dari. Hiyo, walimwambia, ni siri ya taifa. Wengine waliongeza kwamba ni siri kubwa hata kwao.

Akaja kwangu. Akakaa kwenye kiti cha kunyolea, mbele ya ukuta mtupu kilipokuwa kioo cha baba, nami nikamweleza habari ya biriani. Sikukusudia, mdomo ulizoea kusema ukiwa karibu na kile kiti. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akajifunga kanga kiunoni akaenda kumtafuta Shekue.

Shekue alikuwa anauza barafu za ukwaju mlangoni kwa mama yake. Alimwamkia shikamoo kwa adabu, lakini alipoulizwa habari za filamu akasema ameapa kuisahau, na anajiangalia sana asije akaikumbuka. Bi Mwanahawa hakumlazimisha. Akanunua barafu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsimulia habari za Ziada, za ule mlango, na za shangazi zake Kheri. Yule kijana machozi yakaanza kumlengalenga.

"Mama, nikwambie ukweli," alisema. "Mwisho sikuupiga. Nilimfungia yule mtu ndani, halafu nikakaa nikifikiri atatokaje. Nikafikiri mpaka mwenye kamera akaja kuchukua kamera yake. Nikaweka giza na muziki."

"Giza tu?"

"Giza tu. Lakini muziki ulikuwa mzuri."

Bi Mwanahawa alinyonya barafu yake mpaka ikaisha. Akamwambia hakukosea sana, ila alisahau kumpa yule mtu mke. Mtu mwenye mke hakai amejifungia namna ile, hata kwenye filamu. Akamwachia pole, akanyanyuka, na nilipomwona anarudi alikuwa anatembea haraka.

*

Kesho yake alivaa buibui lake la sikukuu, akaenda Wizarani akaomba kumwona Dakta Ndaro. Alimkuta kikaoni na manaibu wake, kila mmoja na kioo chake mezani. Alisema hakuja kuomba. Amekuja kushukuru.

"Kushukuru nini, mama?" Dakta Ndaro akauliza.

"Mume wangu anatoka siku ya ndoa ya binti yake, Mheshimiwa Dakta. Kama yule wa kwenye filamu."

Dakta akawatazama manaibu, manaibu wakamtazama Dakta. Walikuwemo wote ukumbini siku ile ya biriani, na hakuna aliyejua mwisho. Lakini nani angethubutu kusema hakuuona? Kusema hukuuona ni kusema ulilala, na kusema ulilala ni kusema uliyekuwa unamwangalia naye... Astaghfirullahi, sentensi hiyo kwetu haimaliziki.

"Naam," alisema Dakta Ndaro polepole, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza. "Sehemu ile."

"Si mnaikumbuka? Anasikia sebuleni wanamngoja aozeshe. Anavua kofia, anamkabidhi mkubwa wa serikali aliyehudhuria, anatoka."

"Tunaikumbuka sana," wakajibu kwa pamoja.

Kisha kila naibu akaona hatari ya kunyamaza, maana anayenyamaza ndiye aliyelala. Wa kwanza akasema yeye kilichomliza ni mbuzi. Bi Mwanahawa alifikiri kidogo, akakubali. Ni kweli, mbuzi alikuwepo, beberu mweupe, amefungwa mlangoni, tena hakuchinjwa. Wa pili hakutaka kupitwa, akasema na yale matarumbeta, loh, namna yalivyopigwa. Wa tatu akaapa kwamba bwana harusi alivaa joho la dhahabu. Dakta Ndaro akakohoa, akawaambia wote wanasahau jambo la msingi, nalo ni kwamba mchele wa pilau ulitolewa na Wizara. Bi Mwanahawa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema na nyama pia, kama kumbukumbu yake haimdanganyi. Wakasema haimdanganyi hata kidogo.

Jambo likapelekwa Ikulu kuthibitishwa. Nasikia Mheshimiwa aliwasikiliza, akafumba macho kwa hisia, akasema hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote, hasa mbuzi. Ikawa sheria.

*

Alasiri ya ndoa lori la Wizara lilishusha mchele, nyama, matarumbeta, joho, na beberu mweupe aliyefungwa mlangoni kama ilivyoagizwa. Shangazi zake Kheri walifika kabla ya watu wote, wakakaa mbele, wakimwambia kila mtu kwamba wao toka zamani walijua ile nyumba ni nyumba ya heshima. Mtaa mzima ulikuja. Mimi nilikuwa nimewanyoa wanaume wengi wao asubuhi ile, na samahani kwa walichopata.

Dakta Ndaro akasimama mbele ya mlango wa chumba akauhutubia. Alisema serikali inajivunia mlango huu. Alisema katika mataifa mengine raia hufungwa na wengine, jambo la kusikitisha, wakati sisi tumefikia hatua ya kujitosheleza. Alipomaliza, sauti ya kofia ikajibu kwamba haiwezi kuacha lindo bila mtu wa kulipokea. Watu wakageuka kumtazama Dakta. Alijaribu kutafuta naibu, na manaibu wote walikuwa wameinama wanafunga kamba za viatu. Basi akasema yupo tayari kupokea. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka na kofia, na Dakta Ndaro, kwa kuwa ilikuwa kwenye filamu, akaivaa.

Makame akatoka. Amekonda, ndevu zimemjaa, anapepesa macho kwa mwanga. Akaketi mkekani mbele ya Kheri, wakashikana mikono, na sheikh akamtamkisha maneno.

"Nimekuoza binti yangu," Makame akaanza, akasita.

Sheikh akarudia taratibu. Mkono wa kushoto wa Makame ukaanza kupapasa mfukoni unatafuta kioo, na kioo hakikuwemo, alikiacha chumbani. Sebule ikatulia mpaka nikamsikia yule beberu anatafuna kamba. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Nilimwona Kheri jasho linamtiririka ndani ya joho la dhahabu. Kama Makame angejigeuza askari pale, ndoa imekufa, na Ziada angezeeka nyuma ya ule mlango.

"Nimejijibu," Makame akasema.

Dakta Ndaro akasogea, kofia kichwani. Ilikuwa kazi yake. Sasa ingetoka siri iliyofichwa katikati ya hotuba ya Mheshimiwa, mbele ya mashahidi wa mtaa mzima, na mimi mmojawapo nilikuwa nimekaa naye kibaraza kimoja siku ile.

"Alipita njiani anacheka," Makame alisema, anamwangalia Kheri. "Nikawaza, huyu akiolewa, kwangu nani atacheka? Nikaona aibu, mtu mzima kuwaza vile wakati binti anafurahi. Nikajificha. Basi, hakuna lingine. Sitaki aondoke." Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye zile ndevu na hakuyafuta. "Sitaki aondoke, na nimekuoza. Nimekuoza binti yangu Ziada."

Kheri akajibu nimekubali hata kabla sheikh hajamtamkisha, ikabidi arudie. Huko ndani Ziada alikuwa anamwita baba yake, na safari hii akajibiwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na matarumbeta yakaanza bila kuambiwa. Mimi nililia, sikujichunguza kwa nini.

*

Pilau lilipopakuliwa nilimkuta Dakta Ndaro amekaa peke yake mlangoni, karibu na beberu, sahani magotini na kofia ya buluu kichwani. Hakuwa ameonja. Manaibu walikaa mbali, na hakuna aliyemtazama, maana sasa yeye ndiye mwenye lindo, na mwenye lindo lazima alinde mtu, na mfungwa alikuwa ameshatoka. Alikuwa anajitazama kwenye kioo chake kwa pembe ya jicho, kama anayetaka kujishika.

Bi Mwanahawa akapita na sufuria ya nyama. Dakta akamshika upindo wa kanga.

"Mama," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia redioni. "Yule mkubwa aliyekabidhiwa kofia. Kwenye filamu, yeye mwisho wake unakuwaje?"

Bi Mwanahawa akasimama. Nikajua kwamba kwa sentensi moja tu angeweza kumfungia yule mtu chumbani maisha yake yote, na kuna naibu angeapa kwamba alilia hapo. Alimtazama kwa muda. Nadhani alikuwa anakumbuka ule mkeka wa sebuleni. Kisha akamwongezea nyama kwenye sahani.

"Huyo?" alisema. "Huyo anaivua, anakula, anakwenda kwake kulala."

Dakta Ndaro akavua kofia. Akatafuta wa kumpa. Akamgeukia mpiga tarumbeta, mpiga tarumbeta akapuliza kwa nguvu zaidi. Akanigeukia mimi, nikakumbuka nina mteja. Mwishowe akaitundika kwenye pembe la beberu, akala sahani nzima bila kujitazama, akaenda kwao. Ofisini hajaonekana toka siku hiyo. Wizara bado ipo, msije mkadhani imekufa. Yule beberu anayo kofia, anapewa heshima zote za cheo chake, na Ijumaa tunakwenda kumnong'oneza. Anasikiliza vizuri kuliko karani.

Bibi harusi alipoondoka, matarumbeta yalimsindikiza mpaka mtaa wa juu. Makame alibaki amesimama mlangoni, anaitazama njia, hata sauti ilipokwisha kupotea. Bi Mwanahawa akafuta mikono akaja kusimama karibu naye. Kioo cha Makame kilikuwa bado kitandani, kimelala kifudifudi, na hakuna aliyemkumbusha.